Kukimbia kwa ajili ya hisani baada ya kukatwa mguu: usiifunge ahadi kwenye kilomita

Mtu aliyekatwa mguu, akapona, kisha akaamua kukimbia ili kuchangisha fedha za hisani, anatoa ahadi mbili kwa mpigo. Anawaahidi wengine fedha, na anauahidi mwili wake kwamba hatauumiza upya kwa ajili ya fedha hizo. Wengi huzifunga ahadi hizi kwa fundo moja: "Nitakimbia kilomita 21, nichangieni." Ngozi ya kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa, ikichubuka wiki moja kabla ya mbio, fundo linakaza. Mkimbiaji anajiona mdeni, anavaa mguu bandia juu ya kidonda, na mchubuko ambao ungepona kwa siku chache za kupumzika unamrudisha kwenye magongo kwa wiki au miezi. Kwa hiyo maneno ya kuombea mchango yapangwe mapema, kabla hata ya ratiba ya mazoezi.

Sema hivi, au kwa namna yako mwenyewe: nachangisha kwa ajili ya shirika fulani, nitafanya mazoezi hadi tarehe ya mbio, na siku hiyo nitakwenda umbali ambao kigutu kitaruhusu, kwa kukimbia, kwa kutembea au kwa kiti cha magurudumu. Mchango ni wa shirika, niufike mwisho nisiufike. Sentensi hiyo ya mwisho iandikwe tangu siku ya kwanza. Ukiiandika baada ya kuumia, watu wataiona kuwa udhuru.

Wachangiaji wanaelewa jambo hili kuliko tunavyodhani. Terry Fox, kijana wa Kanada, alikatwa mguu wa kulia juu ya goti mwaka 1977 kwa sababu ya saratani ya mfupa. Tarehe 12 Aprili 1980 alianza kukimbia kutoka St. John's, Newfoundland, akikusudia kuivuka nchi nzima kwa wastani wa karibu urefu wa marathoni kila siku, ili kuchangisha fedha za utafiti wa saratani. Hakuivuka. Baada ya siku 143 na kilomita 5,373 saratani ilikuwa imefika mapafuni, akasimama karibu na Thunder Bay tarehe 1 Septemba. Lengo lake lilikuwa dola moja kwa kila Mkanada, na lilitimia akiwa ameshaacha kukimbia: kufikia Februari 1981 mfuko ulikuwa na zaidi ya dola milioni 24. Alifariki mwezi Juni mwaka huo. Tunamheshimu sana, lakini hatumshauri mtu yeyote aige ratiba yake. Alikimbia kwa mguu bandia wa kutembelea, kwa mwendo wa kurukaruka, na kigutu chake kilivimba na kutoka damu. Vifaa vya leo vinasaidia zaidi, ila ngozi ya binadamu ni ile ile.

Mkataba na shirika

Mashirika mengi ya hisani hununua nafasi kwenye mbio kubwa na kuzigawa kwa wakimbiaji wanaokubali kuchangisha kiwango cha chini kilichopangwa. Njia nyingine ni kujisajili na kulipia nafasi yako mwenyewe, kisha ukachangisha kiasi chochote. Kwa mtu mwenye jeraha la kudumu tunapendelea njia ya pili, hasa mara ya kwanza, kwa kuwa haina deni. Ukichukua nafasi ya shirika, soma karatasi kabla ya kutia sahihi na uulize mambo haya waziwazi. Nikishindwa kufika siku ya mbio kwa sababu ya mguu, nani analipa pengo la kiwango cha chini? Nafasi inaweza kusogezwa mwaka ujao? Cheti cha daktari kinahitajika kabla ya tarehe gani? Majibu yaje kwa maandishi. Ofisa mwema anayekuambia kwa simu "usijali" anaweza kuwa ameacha kazi mambo yakiharibika.

Hakikisha shirika limesajiliwa, na usajili huo uutafute mwenyewe kwenye daftari la msajili, usitegemee namba iliyochapishwa kwenye kipeperushi. Fedha ziende moja kwa moja kwenye akaunti ya shirika, zisipitie akaunti yako. Na kama sehemu ya fedha ni ya kununulia mguu wako wa kukimbilia, ifanyie mchango wake peke yake, kwa jina lake. Kuchangia matibabu au kifaa cha mtu mmoja ni jambo halali na jema, lakini kuchanganya fungu hilo na la shirika huharibu imani ya watu, na mara nyingi huvunja sheria za michango. Nauli, ada ya mbio na viatu visikatwe kwenye fedha za hisani bila mchangiaji kuambiwa kabla hajatoa.

Lengo la fedha lihesabiwe kwa majina. Andika orodha ya watu ambao unaweza kuwapigia simu leo, chukulia kwamba chini ya nusu watatoa, zidisha kwa kiasi ambacho mtu wa kawaida kati yao hutoa bila kuumia. Hilo ndilo lengo la kuanzia, ukilipita, lipandishe. Kabla ya kuutangaza ukurasa wa mchango kwa watu wote, waombe watu watano wa karibu wautangulie, kwa sababu ukurasa wenye sifuri huwafanya wageni wasite, na kiasi cha wale wa kwanza ndicho wanachokifuata wanaokuja nyuma. Fedha huingia kwa mawimbi: unapotangaza, wiki ya mbio, na siku chache baada ya mbio. Hivyo ukurasa usifungwe siku ya mbio. Mwulize mwajiri wako kama anaongeza kiasi sawa na kile wafanyakazi wanachochangisha. Wako wanaofanya hivyo kimyakimya, na hawatangazi. Fedha taslimu zihesabiwe na watu wawili, risiti itolewe papo hapo, na zipelekwe benki bila kukawia.

Liko jambo moja ambalo halitajwi sana. Ikiwa ajali yako bado iko kwenye kesi ya fidia, au unapokea malipo ya bima au ya ulemavu, zungumza na wakili kabla ya kuweka picha hata moja ya kukimbia. Picha ya sekunde moja inamwonyesha mtu mzima mwenye nguvu. Haionyeshi usiku wa maumivu ulioifuata, wala laina, ile soksi laini ya silikoni inayovaliwa kati ya kigutu na mguu bandia, iliyojaa jasho. Wanaopinga madai huitumia. Amua pia mapema ni mambo gani ya ajali utayasimulia na lipi hutalisema kamwe, kwa kuwa waandishi na wachangiaji watauliza, na swali la ghafla mbele ya kamera si mahali pa kuamua. Kama kuna mtu mwingine aliyeumia au kufa katika ajali hiyo, ruhusa ya familia yake inatangulia simulizi yako.

Kigutu, laina na soketi

Sehemu hii inahusu zaidi waliokatwa chini ya goti, kwa kuwa ndio wengi wanaorudi kukimbia kwa wepesi. Aliyekatwa juu ya goti anatumia nguvu nyingi zaidi kwa kila hatua na anahitaji muda mrefu zaidi, lakini kanuni za ngozi hazibadiliki.

Kigutu hubadilika ukubwa. Hupungua polepole katika mwaka wa kwanza baada ya upasuaji, hupungua tena kila siku kadiri unavyotembea, na hupungua haraka zaidi unapokimbia, kwa sababu shinikizo na jasho huondoa maji kwenye nyama. Soketi, yaani kikombe kigumu cha mguu bandia ambamo kigutu huingia, haibadiliki. Nafasi inayopatikana kati yao ndiyo chanzo cha vidonda vingi: kigutu hupanda na kushuka ndani ya soketi kama pistoni, ngozi ikisuguliwa kwa kila hatua. Dawa yake ni soksi za kigutu, zinazotengenezwa kwa unene wa nyuzi 1, 3 au 5. Beba za kila aina. Ukihisi maumivu kwenye ncha ya mfupa chini, au ukingo wa soketi umepanda na kubana chini ya pia ya goti, umezama ndani sana, ongeza soksi. Ukiona kigutu hakiingii hadi mwisho na unabanwa juu, punguza. Siku utakapohitaji unene wa nyuzi 10 au zaidi ili soketi ishike, acha kuongeza na umwone mtaalamu wa viungo bandia, maana soketi hiyo imeshakuwa kubwa.

Si kila sehemu ya kigutu inabeba uzito sawa. Kano iliyo chini ya pia ya goti na misuli ya nyuma huvumilia. Ncha ya mfupa mkubwa wa muundi na kichwa cha mfupa mdogo wa pembeni havivumilii. Wekundu kwenye kano si tatizo. Wekundu kwenye mifupa hiyo miwili ambao haujaondoka dakika 20 baada ya kuvua mguu ni onyo: pumzika siku inayofuata, rekebisha soksi, na ukijirudia soketi irekebishwe kabla hujakimbia tena. Ngozi ikipasuka au lengelenge likitokea, hakuna kukimbia hadi pafunge kabisa. Hapo hatuna mjadala. Kwa mwenye kisukari au mwenye ganzi kwenye kigutu sheria ni kali zaidi, kwa kuwa maumivu hayatamwonya. Atumie kioo cha mkononi kila jioni, na aangalie nyuma ya goti ambako ukingo wa laina hukata.

Laina ya silikoni haipitishi hewa. Baada ya muda wa kukimbia jasho hujikusanya chini, mguu huanza kuelea, na huweza kuchomoka. Simama, kaa, vua, pangusa kigutu na laina kwa kitambaa kikavu, vaa upya. Mazoezini jipime kwa saa. Mara ya kwanza huchukua dakika 5 au 6, kwa mazoea hufika 2 au 3. Dawa ya kuzuia jasho husaidia, lakini ipakwe usiku kwenye ngozi kavu isiyo na mchubuko. Ukiipaka asubuhi ya mbio huwasha na haifanyi kazi. Kigutu kioshwe jioni kwa sabuni isiyo kali. Ukikiosha asubuhi kikavaliwa na unyevu, ngozi hulainika na kuchubuka. Laina ioshwe kila siku na isuuzwe hadi utelezi wote uishe, maana mabaki ya sabuni huleta upele ambao watu huudhani mzio wa silikoni. Nywele za kigutu usizinyoe, kwa kuwa zikiota upya chini ya laina huingia ndani ya ngozi na kuwa majipu. Kabla ya kupaka mafuta yoyote ya kupunguza msuguano, mwulize mtaalamu wako kama yanaharibu aina yako ya laina.

Waliofungiwa mguu kwa pini chini ya laina wajue kwamba katika kukimbia pini huvuta ncha ya kigutu kila mguu unaponyanyuka. Wengi huumwa hapo na kuvimba. Mfumo wa kuvutwa kwa hewa, wenye soksi ya mpira inayoziba juu ya goti, hutulia zaidi.

Bapa la kukimbilia

Van Phillips, Mmarekani aliyepoteza mguu wake mwaka 1976, ndiye aliyeanza kutengeneza mguu wa nyuzi za kaboni unaopinda na kurudisha nguvu, na mabapa ya leo, yaani miguu bandia ya kukimbilia, yanatokana na wazo hilo. Bapa huchaguliwa kwa uzito wa mwili na aina ya mbio. Ukinenepa au kukonda sana, bapa lile lile linakuwa laini mno au gumu mno. Laini mno hukufanya uchechemee, gumu mno hugonga kigutu na mgongo. Ukisimama wima, upande wa bapa huonekana mrefu kidogo. Ni makusudi, kwa sababu hubonyea unapokimbia. Halina kisigino, hivyo kusimama tuli juu yake kunachosha. Kwenye foleni ya kuanzia mbio, ambako watu husubiri nusu saa na zaidi, kaa na mguu wako bandia wa kutembelea na ubadilishe dakika za mwisho.

Kabla ya kununua, omba kuazima kwa majaribio. Ni kifaa ghali na bima nyingi haziulipii mguu wa michezo. Chora mstari wa rangi unaopita juu ya kila skrubu na chuma chake: mistari ikipishana, skrubu imelegea. Beba alenki yake, ufunguo wa kukazia skrubu hizo. Mlio mpya wa kugonga unaosikika kila hatua ni skrubu iliyolegea au nyuzi zinazoachana, na yote mawili yanatosha kukusimamisha. Soli ikibanduka, ibandikwe siku mbili kabla ya mbio, si asubuhi yake.

Mazoezi kwa dakika

Anza kukimbia ukiwa unatembea dakika 30 mfululizo bila maumivu na bila wekundu unaobaki, na daktari ameridhika na kovu. Pima mazoezi kwa dakika, kwa kuwa kilomita hukushawishi umalizie. Wiki ya kwanza: kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 8, siku tatu kwa wiki zenye mapumziko katikati. Wiki inayofuata ongeza marudio hadi 10, halafu urefushe kukimbia hadi dakika 2. Usiongeze muda na kasi katika wiki moja. Kila wiki ya nne punguza hadi nusu. Ngozi huzoea polepole kuliko mapafu, na hapo ndipo wenye afya njema ya moyo huumia: pumzi wanayo, ngozi hawana. Kwa kilomita 10 tungetenga miezi mitano, hata kama ratiba za wengine zinasema miwili.

Mguu mzima nao unahitaji ulinzi. Unabeba zaidi ya sehemu yake, na baada ya miezi goti lake, kisigino chake na kiuno vitalalamika. Ufanyie mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki: kunyanyua nyonga ukiwa umelala chali, kunyanyua mguu pembeni ukiwa umelala ubavu, kusimama kwa mguu mmoja na kisha mwingine. Lala kifudifudi dakika 10 hadi 20 kila siku ili nyonga isikakamae kwa kukaa. Nyonga iliyokakamaa hufupisha hatua ya nyuma, na mtu hulipia kwa mgongo. Maumivu ya mguu usiokuwepo yanaweza kuzidi usiku wa siku ya mazoezi marefu. Andika yanapotokea, kwani mara nyingi yanafuata uchovu au soketi iliyobana.

Njia na siku yenyewe

Waandikie waandaaji wakati wa kujisajili, si wiki ya mwisho. Uliza kama unaweza kuanza mapema, kama msaidizi anaruhusiwa kukimbia nawe bila ada, na muda wa kufunga njia. Hesabu vituo vyako vya kukausha kigutu ndani ya muda huo: kilomita 21 zenye kituo kila kilomita 4 ni vituo 5, vya dakika 3 kila kimoja, yaani dakika 15 ambazo wengine hawana. Itembelee njia. Barabara iliyoinama upande mmoja huufanya mguu wa upande wa juu uwe mrefu kupita kiasi, kwa hiyo kimbia katikati. Mteremko mkali ni mbaya kuliko mlima, na rangi ya barabarani iliyolowa huteleza chini ya bapa. Msaidizi abebe laina ya akiba, soksi, kitambaa, alenki na plasta, na awe mahali pa kuketi palipokubaliwa, si "popote tutaonana". Joto likizidi punguza mwendo mapema. Ngozi ya kutolea joto imepungua, na sehemu ya iliyobaki imefunikwa.

Mkubaliane msaidizi na wewe, kabla ya siku, juu ya alama za kuacha: damu kwenye laina, mlio wa bapa, au kuongeza soksi mara mbili bila nafuu. Akiiona moja, neno lake ni la mwisho.

Wenye jeraha la uti wa mgongo wanaoshiriki kwa kiti cha magurudumu wana mambo yao. Jeraha likiwa juu, usawa wa pingili ya sita ya kifua au zaidi, shinikizo la damu linaweza kupanda ghafla kwa sababu ya kibofu kilichojaa au mpira wa mkojo uliojikunja. Dalili ni kichwa kugonga na uso kuwaka na kutoka jasho. Kaa wima, legeza mikanda na nguo, angalia mpira, ita huduma ya dharura. Nyanyua makalio kitini mara kwa mara, kwani vidonda vya mgandamizo haviumi kwa asiye na hisia. Kwa kundi hili tunaipenda sana Wings for Life World Run, inayofanyika tangu 2014 kuchangia utafiti wa uti wa mgongo: haina mstari wa kumalizia. Gari linaanza nusu saa baada ya wakimbiaji na kuwafuata, na anayefikiwa ndiye aliyemaliza, awe amekwenda kilomita 2 au 50. Ada zote za kujisajili huenda kwenye utafiti.

Baada ya mbio vua mguu mapema, osha, kagua, na ukague tena asubuhi, maana malengelenge mengine hujitokeza usiku. Siku mbili za mwanzo tumia magongo kadiri uwezavyo. Ndani ya siku hizo hizo watumie wachangiaji wote taarifa fupi: umbali uliokwenda kweli, kiasi kilichopatikana, na kwamba ukurasa bado uko wazi kwa wiki mbili. Kama ulisimama njiani, andika kilomita uliyosimamia na sababu yake kwa sentensi moja, bila kuomba radhi. Kisha shirika likishapokea fedha, waombe barua ya uthibitisho yenye kiasi kamili na uibandike hapo hapo kwenye ukurasa.